Vimondo mia moja viko wapi? Kusoma habari za anga ukiwa Goma

SWALI

Papa Mwalimu, jambo. Mimi ni muuguzi, niko zamu za usiku huku Keshero, na nyota nazipenda tangu utoto. Kila mwanzo wa mwezi napokea kwenye simu orodha ya mambo ya kuona angani. Mwezi wa nane mwaka jana waliandika vimondo mia kwa saa, usiku wa tarehe 12 kuamkia 13, na sayari sita kwenye mstari. Nilitoka mara tatu. Nikaona vimondo vinne, na sayari hakuna, isipokuwa nyota mbili kubwa zimekaribiana sana upande wa Rwanda. Baadaye wakasema kuna nyotamkia imetoka nje ya mfumo wa Jua. Hata mkia sikuona. Sasa mwezi wa nane unarudi na wanasema Jua litapatwa. Je, anga letu ni bovu, au watu hawa wanatudanganya, au shida ni kwamba sina darubini? Nimeweka pembeni dola 80. Na ile sayari waliyosema ina uhai, ni kweli?

JIBU

Mama, jambo sana. Nianze na zile nyota mbili za upande wa Rwanda, kwa sababu hazikuwa nyota. Ile kubwa zaidi ilikuwa Zuhura, mwenzake Mshtarii. Tarehe 12 Agosti 2025 zilipishana kwa pengo lisilofika nyuzi moja. Ungenyoosha mkono na kusimamisha kidole cha mwisho, kidole hicho kingetosha kuziba pengo lote. Kwa mtu asiye na chombo chochote, hilo ndilo lilikuwa jambo zuri kuliko yote mwezi ule, na wewe uliliona kwa macho yako, kisha ukaliandika kwenye upande wa hasara.

Kosa si lako. Orodha hizo nyingi huandikwa na watu wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini kwa ajili ya jirani zao. Goma iko nyuzi 1.7 tu kusini ya Ikweta. Anga ni lile lile, ila sisi tumelala chini yake kwa ubavu mwingine. Wewe unajua dawa ya mtu mzima haipewi mtoto hivi hivi. Dawa haina ubaya, kipimo ndicho kinabadilika. Habari za anga nazo lazima zipimwe upya kabla ya kutumika hapa.

Tuchukue vimondo. Ile mia kwa saa si uongo, lakini haikuwa ahadi. Ni hesabu ya darasani: vingeonekana vingapi kama chanzo chake kingekuwa utosini kabisa, anga likiwa jeusi, bila taa, bila wingu, bila Mwezi. Vimondo vya Agosti vinaitwa Perseidi kwa sababu vinaonekana kama vinarushwa kutoka kundinyota la Perseus, na kundi hilo liko mbali kaskazini. Vyenyewe ni vumbi lililoachwa na nyotamkia Swift-Tuttle; Dunia hupita ndani ya vumbi hilo kila mwaka tarehe zile zile. Mtu wa Paris anaona chanzo hicho kikipanda juu sana. Kwetu hakichomozi mpaka karibu saa sita usiku, na hata kikifika kilele chake, wakati kunapambazuka, hakizidi nyuzi 30. Ngumi moja ya mkono ulionyooshwa ni kama nyuzi 10, kwa hiyo panga ngumi tatu kutoka kwenye upeo wa macho upande wa Nyiragongo: mwisho wa kupanda kwake ni hapo.

Chanzo kikiwa nyuzi 30, idadi hugawanywa kwa mbili. Mia imekuwa hamsini. Toa taa za mji, ambazo hufuta vimondo hafifu vyote, na hivyo hafifu ndivyo vingi. Imebaki kama kumi na tano. Sasa kumbuka kwamba mwaka jana Mwezi ulijaa tarehe 9. Usiku wako wa tarehe 12 ulikuwa na Mwezi mkubwa uliochomoza mapema na kukaa hadi asubuhi, ukimwaga mwanga kama taa ya uwanja wa mpira. Halafu wewe umetoka kwenye wodi yenye taa nyeupe, umesimama uani dakika tano, labda umetazama simu katikati, umerudi ndani. Jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 gizani kabla halijazoea, na mwanga mmoja wa simu unairudisha saa nyuma mwanzo kabisa. Vimondo vinne katika hali hiyo ni vingi. Mimi ningekupa alama nane juu ya kumi.

Na zile sayari sita? Ziko kwenye mstari siku zote, hilo ndilo wasilolisema. Sayari zote huzunguka Jua karibu kwenye sahani moja, kwa hiyo kutoka duniani lazima zionekane zikifuata barabara moja, ile ile ambayo Jua na Mwezi hupita. Kinachobadilika ni ngapi ziko juu kwa wakati mmoja. Kati ya sita za mwaka jana, Neptuni haionekani kwa macho, uwe Goma, uwe jangwani. Urani inaonekana kwa shida mahali penye giza kamili, na anayeijua tayari ilipo. Utaridi ilikuwa chini sana kwenye mwanga wa alfajiri, nyuma ya vilima vya Gisenyi. Zuhura na Mshtarii uliziona. Inabaki Zohali, na hii inanichekesha: saa nane na nusu usiku ilikuwa karibu kabisa na utosi wako. Hakuna mtu anayetazama juu moja kwa moja, shingo inauma. Ungelala chali kwenye benchi la uani ungeiona, ya manjano kidogo, imetulia, haimetimeti.

Kitu cha pili cha kupima upya ni saa. Wataalamu wote hutumia saa moja ya dunia, inayoandikwa UT, ambayo ni ile ya Greenwich isiyobadilika. Goma ongeza mbili. Hapo watu wengi hujikwaa, kwa sababu nchi yetu ina saa mbili: Kinshasa iko UT+1, sisi pamoja na Bukavu na Lubumbashi tuko UT+2. Redio ya Kinshasa ikitangaza kupatwa kwa Mwezi saa 18:30, kwako ni 19:30, yaani saa moja na nusu usiku. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 7 Septemba 2025: Mwezi ulizama wote kivulini saa 17:30 UT, ukakaa humo dakika 82. Nawajua watu waliotoka kwa saa ya Greenwich, wakaukuta Mwezi wenyewe haujachomoza, wakaingia kulala na kulaumu wanasayansi.

Kwa orodha za Marekani kuna kichekesho kimoja kinachotufaa sana. Kuanzia Machi hadi mwanzo wa Novemba, New York iko nyuma yetu kwa saa sita kamili. Saa ya Kiswahili nayo inatofautiana na ya kizungu kwa saa sita. Kwa hiyo tarakimu zinalingana: wakiandika kilele ni 8 p.m. (20:00) kwa saa za New York, hapa Goma ni saa nane ya usiku kwa Kiswahili. Huhitaji kujumlisha kitu, soma tu namba kwa Kiswahili. Kumbuka tu kwamba tarehe imeshageuka, maana saa zao 8 za jioni tarehe 12 ni kwetu usiku wa manane kuamkia 13. Majira yao ya baridi ongeza saa moja.

Kwa kipimo hicho tuangalie hilo Jua la mwezi wa nane. Tarehe 12 Agosti 2026 Jua litapatwa lote kwa watu wa Greenland, Iceland na Hispania. Kilele ni 17:46 UT. Jumlisha mbili: 19:46. Goma Jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, miezi yote. Wakati Hispania wanavaa miwani maalumu, sisi tutakuwa mezani na sombe. Basi usinunue miwani kwa mtu atakayekuja kukuuzia barabarani.

Lakini habari hiyo isiyotuhusu inatuhusu kwa mlango wa nyuma. Jua haliwezi kupatwa isipokuwa siku Mwezi unapokaa katikati yake na Dunia, na siku hiyo usiku hauna Mwezi hata kipande. Tarehe 12 Agosti ni nini tena? Perseidi. Mwaka jana Mwezi ulikuharibia. Mwaka huu hautakuwepo kabisa. Toka kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja alfajiri ya tarehe 13, wakati chanzo kimepanda. Usikodolee macho chanzo chenyewe, vimondo virefu huonekana pembeni. Mimi nategemea kumi, kumi na viwili kwa saa kutoka ndani ya mji, ikiwa umeme umekatika labda ishirini. Hapa ndipo mahali pekee nilipowahi kuombea umeme ukatike.

Sikutumi nje ya mji, mama. Wewe na mimi tunajua kwa nini. Ua wa hospitali unatosha, upande ambao jengo linaziba taa za barabarani. Mlinzi mwambie mapema, asije akashangaa muuguzi amelala chali kwenye majani saa kumi ya usiku.

Sasa nyotamkia. Ile iliyokuumiza moyo inaitwa 3I/ATLAS. Iligunduliwa tarehe 1 Julai 2025 na darubini ya mradi wa ATLAS iliyoko Chile, na ni kitu cha tatu tu kinachojulikana kupita kwetu kikitoka kwenye nyota nyingine, baada ya kile cha 2017 na kile cha 2019. Ilikaribia Jua zaidi mwishoni mwa Oktoba, ikawa karibu na sisi zaidi tarehe 19 Desemba. Karibu ni neno lao. Ilikuwa kilomita milioni 270, mbali kuliko Jua lenyewe.

Ungejuaje kwamba hutaiona? Kuna namba moja kwenye habari hizo ambayo watu huiruka, na ndiyo yenye jibu: kiwango cha mng'ao. Inakwenda kinyume na tulivyozoea, namba ikiwa ndogo kitu kinang'aa zaidi, kama mtoto wa kwanza na wa sita darasani. Zuhura ni kama -4. Nyota ya Shira, iliyo angavu kuliko nyota zote za usiku, ni -1.5. Jicho zuri mahali penye giza kabisa hufika 6. Katikati ya Goma, taa zikiwaka, nakuahidi 4 tu. Kati ya nyota ya kiwango cha 1 na ya kiwango cha 6 mwanga unatofautiana mara 100. Nyotamkia ile haikuwahi kung'aa kuliko kama kiwango cha 9 wakati ilipoweza kutazamwa usiku. Wapenzi wenye darubini za kioo cha sentimita 20 waliiona kama pamba hafifu. Picha nzuri ulizopata kwenye simu zilikuwa za kamera zilizokusanya mwanga kwa muda mrefu. Kwa hiyo ukisoma nyotamkia, kabla ya kufurahi tafuta namba. Ikiwa juu ya 6, wasomee watoto habari yake, lakini usikatishe usingizi.

Habari yake yenyewe inastahili kusomwa. Agosti 2025 darubini ya James Webb iliyoko angani iliipima gesi yake ikakuta kaboni dioksidi mara nane kuliko mvuke wa maji. Nyotamkia zetu nyingi ni maji kwanza. Pengine barafu yake iliganda mahali pa baridi kali kando ya jua lingine, au imechomwa na mionzi kwa miaka mabilioni njiani. Hicho ndicho kilikuwa cha kushangaza. Wale waliosambaza kwamba ni chombo cha viumbe wa sayari nyingine walikuwa na haraka.

Na hiyo inanileta kwenye sayari yako yenye uhai. Inaitwa K2-18b, iko mbali miaka ya nuru 124, kwenye kundinyota la Simba. Aprili 2025 timu ya Cambridge, ikiongozwa na Nikku Madhusudhan, ilisema imeona katika hewa yake dalili ya gesi ambayo hapa duniani hutengenezwa hasa na viumbe vidogo vya baharini. Uhakika wao ulikuwa wa kiwango kinachoitwa sigma tatu. Wewe umeshika kipimo cha haraka cha malaria mara ngapi, ukaona mstari wa pili umetokea hafifu, hujui ni mstari au ni macho yako? Hutupi kipimo, wala humwambii mgonjwa amepona. Unapeleka damu kwenye hadubini. Sigma tatu ndiyo mstari ule hafifu. Katika sayansi hii hadubini inaanzia sigma tano. Wengine walichukua data ile ile, wakaipiga hesabu kwa njia nyingine, mstari ukafifia. Basi jibu langu: haijathibitishwa, na neno "uhai" liliwekwa kwenye kichwa cha habari, si kwenye kipimo.

Nimekunyima mengi, sasa nikupe. Kuna vitu orodha zao zinavidharau kwa sababu kwao ni vibaya, na kwetu ni vizuri mno. Zuhura mwezi wa nane mwaka huu ni mfano. Tarehe 15 Agosti inafika mbali zaidi na Jua upande wa jioni, nyuzi 46. Ulaya wataandika kwamba iko chini, inazama mapema, kwa sababu barabara ya sayari kwao jioni za majira hayo imelala karibu na ardhi. Hapa barabara hiyo inasimama wima. Jua likizama nyuma ya vilima vya Masisi, Zuhura itakuwa juu upande huo huo, katikati ya upeo na utosi, na haitazama hadi karibu saa tatu usiku. Mwezi nao kwetu haulali kama herufi C inayochorwa kwenye programu za simu. Mwezi mchanga hapa ni mtumbwi, chini tumbo, juu ncha mbili. Mtoto wa Goma akichora mtumbwi, mwalimu asimkosoe.

Katika jioni hizo hizo za Agosti simama mahali unapoona ziwa, kama saa moja usiku, ukitazama magharibi. Kushoto kwako, kusini-magharibi juu ya maji, kuna Msalaba wa Kusini umeinama. Kulia, kaskazini-magharibi, ziko nyota saba za Dubu Mkubwa, nazo zimeinama kwa urefu karibu uleule, ngumi moja na nusu. Mtu wa London hauoni ule Msalaba maisha yake yote. Mtu wa kusini ya Australia wale saba hawaoni. Wewe unageuza shingo tu. Kisha inua macho kusini, juu sana: Nge na mkia wake, na karibu na mkia huo Njia Nyeupe inanenepa. Hapo nyuma ya vumbi, mbali kama miaka ya nuru 27,000, ndipo kitovu cha galaksi yetu, na ndani yake shimo jeusi lenye uzito wa Jua milioni nne. Picha yake ilitangazwa tarehe 12 Mei 2022. Kwa Mjerumani sehemu hiyo inakwaruza paa za jirani; kwetu saa mbili usiku iko ngumi sita juu ya ziwa.

Nakiri kiangazi chetu kina ukungu wake. Moshi wa mashamba yanayochomwa, vumbi la barabara, na volkano ikipumua wingu lake linakuwa jekundu upande wa kaskazini. Mvua ya kwanza ya Septemba ikishapita, kesho yake usiku anga huwa limeoshwa. Hakuna orodha ya dunia itakayokuandikia hilo.

Nyota tatu za mkanda wa Jabari ndizo zetu kuliko zote. Zinachomoza mashariki kamili, zinazama magharibi kamili, na katikati zinapita juu ya paa la Goma penyewe, hata ile ya chini kabisa kati ya tatu inapita robo ya nyuzi tu kutoka utosini. Mwezi wa nane utaziona zamu yako inapoelekea mwisho, saa kumi na moja alfajiri, upande wa Rwanda, katikati ya mbingu. Katikati ya Februari ziko utosini saa mbili usiku. Kama hujui kaskazini iko wapi, nyota hizo zikichomoza zinakuonyesha mashariki bora kuliko dira ya simu.

Na vimondo vya kweli vya kwetu si vya Agosti. Ni vya Mei, tarehe 5 na 6, vumbi la nyotamkia ya Halley. Chanzo chake kinapita karibu na utosi wetu. Watu wa kaskazini huvitaja kwa mstari mmoja, kwa sababu kwao kinachomoza wakati kunakucha. Hapa kinachomoza kabla ya saa nane usiku, na kufika saa kumi na moja kimevuka nusu ya njia. Vya tarehe 14 Desemba navyo vinapanda hadi nyuzi 55, ila Desemba yetu unaijua: mvua.

Sasa dola 80. Usinunue darubini kwa pesa hiyo. Mimi nilishanunua moja, kutoka duka ambalo sitalitaja, boksi limeandikwa "mara 525" kwa herufi nyekundu. Lenzi yake ilikuwa milimita 60, na lenzi ya milimita 60 haibebi zaidi ya mara 120. Ukizidisha unakuza ukungu. Miguu yake ilitikisika hata jirani akikohoa. Leo wajukuu wanaangalizia chukudu, zile baiskeli za mbao za mizigo, zikishuka mlimani.

Tafuta darubini ya macho mawili iliyoandikwa 7x50 au 10x50. Namba ya pili ndiyo mali: kioo cha milimita 50 kinakusanya mwanga kama mara 50 kuliko mboni ya jicho iliyofunguka gizani. Birere hutokea za mitumba. Kabla ya kulipa, fanya mambo mawili. Ishike mbali na uso kama sentimita 30, uielekeze mbinguni mchana, mbali na Jua, utaona duara mbili ndogo za mwanga. Ziwe mviringo safi, zisiwe na kona. Kisha tazama antena ya paa la mbali. Ikiwa antena zimekuwa mbili, au kichwa kimeanza kuuma baada ya dakika moja, rudisha, ndani imeanguka. Na usiielekeze kwenye Jua hata sekunde, wewe mwenyewe umeshatibu macho.

Kwa chombo hicho utaona miezi minne ya Mshtarii itakaporudi, mashimo ya Mwezi, na Kilimia, ambacho kwa macho ni nyota sita na humo ndani zinakuwa makumi. Wazee wa pwani walikuwa na orodha yao ya mwezi kwa Kilimia hicho: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Pete za Zohali hutaziona, nisikudanganye. Egemeza viwiko juu ya ukuta wa mawe ya volkano, mkono usitetemeke.

Ukiwa na programu ya Stellarium kwenye simu, weka mahali kwa mkono: kusini 1.68, mashariki 29.22. Ukiiachia yenyewe inaweza kukuweka Kinshasa, na hapo kila kitu kitakosea kwa zaidi ya ngumi moja.

Orodha zitakuambia pia kwamba Mwezi utakaojaa mwishoni mwa Agosti una jina la samaki. Ni samaki wa maziwa ya Amerika ya Kaskazini. Wavuvi wetu wa sambaza, Mwezi ukijaa, taa zao haziwafai kitu, samaki haji. Kama tungeupa jina, lingekuwa la nyavu zinazokaushwa.

Lakini Mwezi huo usiupuuze. Usiku wa tarehe 27 kuamkia 28 Agosti utapatwa, na huu tunaupata kweli. Kivuli kinagusa ukingo saa 02:34 UT, kwa hiyo kwetu 04:34, saa kumi na dakika thelathini na nne alfajiri. Kilele, ambapo asilimia 93 ya upana wake itakuwa kivulini, ni 06:13, na hapo Mwezi wetu utakuwa umeshazama. Tutaukosa kwa dakika chache. Ila saa kumi na moja na nusu zaidi ya nusu yake itakuwa imeliwa, ikining'inia juu ya vilima vya Masisi, na nyuma yako kunapambazuka. Ukiwa zamu, toka saa kumi na nusu, simama upande wa magharibi wa jengo, uniandikie dakika kamili uliyoona weusi wa kwanza kwenye ukingo. Mimi nitakuwa Himbi, juu ya paa, na saa mkononi. Tutalinganisha.